Jiwe Lililongoja Malipo

Bibi aliyenipangisha chumba huko Saint Paul alikuwa akiidai serikali ya Marekani, na jambo hilo alilisema kwa sauti ile ile aliyotumia kusema kwamba jirani hajarudisha ngazi. Alikuwa Mcheroki, wa kabila mojawapo la wenyeji wa asili wa nchi hiyo, mzaliwa wa Oklahoma, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, aliyefua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu. Wazee wake walitoa ardhi kwa mkataba, na mkataba uliahidi malipo. Malipo hayo yalicheleweshwa, yakapunguzwa, yakabishaniwa mahakamani, yakatolewa kidogo, yakasimama tena. Katika miaka ya tisini, nilipohamia chumba cha juu cha nyumba yake, fungu la familia yake lilikuwa bado linashughulikiwa. Neno hilo, “linashughulikiwa”, ndilo alilopewa kila alipopiga simu ofisini, naye alilitamka kwa kulivuta, kama mtu anayeonja dawa.

Mimi nilikuwa nimetoka Songea kwenda kusomea shahada ya uzamivu ya historia katika chuo kikuu kimoja upande wa Minneapolis. Nilikwenda na mada nyingine kabisa, kodi ya kibanda enzi za Wajerumani, na nilikuwa nimeshaipangia sura zake zote kabla ya kupanda ndege. Meza ya jikoni ya Bibi ndiyo iliyoniharibia mpango. Si rahisi kula mkate wa mahindi wa mtu kila jioni, ukamsikia akiitaja mikataba ya kale kama wengine wanavyowataja shemeji zao, kisha asubuhi ukapanda basi kwenda maktaba kusoma habari za vibanda. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimebadili mada. Nikaanza kuandika kuhusu malipo ya mikataba ya Wacheroki na namna yalivyocheleweshwa.

Nilimpa habari hiyo kwa heshima, nikiwa nimejiandaa kwa sentensi kadhaa za utangulizi. Aliniacha nizimalize zote.

“Kwa hiyo umevuka bahari kuja kusoma barua zangu?”

“Si zako, Bibi. Ni za karne iliyopita.”

“Ndizo hizo hizo. Wamebadilisha stempu tu.”

Hilo la kumwita Bibi lilikuwa na historia yake. Siku ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza, kama wanavyofanya watu wa huko, hata watoto. Ulimi ulikataa. Nilijaribu kukwepa kumwita kabisa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikikohoa mlangoni ili ageuke. Mwishowe aliuliza kama nina kifua. Nikamweleza kwamba kwetu mtu wa umri wake haitwi kwa jina kama rafiki wa shule, na nikataja neno ambalo lingeniweka huru. Alilirudia mara mbili, akakubali, kisha akaniambia kwamba kwa haki hiyo hiyo yeye ataniita Profesa, ingawa bado sikuwa profesa wa kitu chochote na wakati mwingine nilitilia shaka kama ningekuwa.

Majira ya baridi ya kwanza, baba yangu alifariki. Habari ilinifikia kwa simu ya jikoni, na nauli ya kurudi sikuwa nayo. Kabla nauli haijapatikana, baba alikuwa ameshazikwa. Nakumbuka kwamba nilirudisha mkono wa simu mahali pake kwa uangalifu mkubwa, kisha nikauinua tena kuhakikisha kama nimeurudisha vizuri.  Bibi alivuta kiti, akakiweka karibu na jiko, akanisogeza nikakaa, naye akakaa upande wa pili akimenya viazi. Siku zilizofuata aliniletea maharage, kahawa, maharage tena. Jirani alipobisha hodi kuulizia jambo la theluji, alimwambia mlangoni, “Leo hapana. Hapa kuna msiba,” na ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike nchini humo mtu kulitaja jambo langu kwa uzito niliouzoea.  Nilikuwa tangu zamani mtu wa kufikiri jambo mara mbili. Tangu msiba ule nikawa mtu wa kulifikiri mpaka likachakaa. Nasema haya ili ieleweke kwa nini lililompata yeye baadaye sikuweza kulitazama kama mwanahistoria.

Lililompata lilihusu kaburi la mama yake.

Mama huyo alizikwa Oklahoma, kando ya kanisa dogo la mbao, na juu ya kaburi hapakuwa na kitu ila kibao cha chuma cha watu wa mazishi, ambacho karatasi yake yenye jina ilikuwa imeshafifia. Si kwamba watoto walimsahau. Yeye mwenyewe aliwakataza. Maisha yake yote alikuwa akingoja fungu la mkataba, na alipoona kwamba ataondoka kabla halijafika, aliwaita binti zake wawili akawaambia wasimnunulie jiwe kwa jasho lao. Waliochukua ardhi ndio watanunua jiwe. Mabinti walikubali. Walidhani ni jambo la mwaka mmoja au miwili.

Sasa yule binti mkubwa, dada yake Bibi, aliyebaki Oklahoma, alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limeshakwenda. La kushoto lilikuwa likifunga taratibu kutoka pembeni, na daktari alikuwa amemwambia kwa ukweli kwamba halitarudi. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Waliongea habari za sehemu za mwili zinazouma, kisha mpira wa besiboli, kisha watu waliokufa. Na karibu na mwisho, dada mtu aliuliza swali lile lile.

“Wamesemaje?”

“Linashughulikiwa.”

“Basi waambie na jicho langu linashughulikiwa.”

Aliposema hivyo walicheka wote wawili, nami niliyekuwa nikiosha vyombo nilisikia kicheko cha upande wa pili kikitoka kwenye simu kama kuku anayefukuzwa. Lakini simu ilipokatika, Bibi alikaa akiutazama mkono wake uliokuwa mezani. Dada alitaka kuliona jiwe la mama. Hakutaka kusimuliwa na mtu, wala kushikishwa. Alitaka aende, asimame, asome jina. Na Bibi asingeweza kuvunja agizo la mama. Mambo hayo mawili yalikuwa yakikaribia kugongana mwaka hadi mwaka.

Nilijitolea kupiga simu ofisini kwa niaba yake, nikiamini, kwa ujinga wa kisomi, kwamba maneno yaliyopangwa vizuri hufungua milango. Nilitaja vifungu vya mkataba. Nilitaja utaratibu wa kuhakiki warithi. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na adabu sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nisubiri, muziki ukapigwa, akarudi. Bibi alikuwa akinitazama usoni, naye aliona neno lile likinifikia.

“Amekuambia lile neno,” alisema nilipokata simu.

“Amelisema.”

“Umesoma miaka yote hiyo ili upewe jibu langu.”

Nilikuwa na rafiki mmoja, dada wa Kikenya aliyekuwa muuguzi katika hospitali moja ya Saint Paul na aliyekaa Eagan, kitongoji cha jirani, kwenye majengo ya ghorofa yaliyojaa wauguzi wenzake. Alinizidi umri kidogo na akili ya maisha kwa mbali. Jumapili moja, akinirudisha nyumbani kutoka kanisani kwa gari lake, nilimweleza habari ya jiwe. Nilimweleza kwa kirefu: agizo la mama, hali ya jicho, hoja za kila upande. Tulifika nyumbani sijamaliza. Alizima injini akaningoja.

“Jiwe ni pesa ngapi?” aliuliza.

“Hilo silo suala lenyewe, dada.”

“Si nimekuuliza tu. Wewe msomi utafikiria hii kitu mpaka yule mama mwingine naye awe kipofu. Sisi tuko hapa watu wangapi? Si tufanye harambee?”

Nilimjibu kwamba nahitaji kulitafakari. Nililitafakari kweli; niliamka na jambo hilo na nikasinzia nalo kwenye basi. Yeye hakutafakari. Ndani ya majuma machache alikuwa amepitisha neno kwa wauguzi wa Eagan, kwa wanafunzi wenzangu wa Kitanzania na Kiganda, kwa familia moja ya Oakdale yenye watoto wanaojibu Kiswahili kwa Kiingereza. Na kila aliyeambiwa alielewa mara moja, bila maelezo ya mkataba wala ya karne yoyote. Kuna mama hana jiwe, watu wanachanga. Tangu utotoni hakuna jambo tulilolijua vizuri kuliko hilo. Kwetu mfiwa haachiwi anunue hata kiberiti.

Tulipanga kumkabidhi Jumamosi mchana. Dada yule alikuja na sufuria ya pilau iliyofungwa kwa taulo, na wenzetu wawili wa kuwakilisha. Bibi alifurahi kuona wageni. Alipakua mwenyewe, akasifu karafuu, akauliza wali gani huu usioshikana. Tulipokwisha kula, dada alisimama, akasema maneno mafupi mazuri, akaiweka bahasha mbele yake kwa mikono miwili.

Bibi aliisikiliza habari ya jiwe mpaka mwisho. Hakuifungua bahasha.

“Serikali ndiyo iliyowatuma?” aliuliza.

Tulitazamana. “Hapana, Bibi,” nilisema. “Ni sisi tu. Ni mchango.”

“Nani anadaiwa jiwe hili?”

Jibu tulilijua wote.

“Mkilipa ninyi,” alisema, “yeye atakuwa amelipa nini?” Hakusema kwa hasira. Alisema polepole, kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali bafu lilipo. “Mama yangu hakuwa maskini wa kuchangiwa. Alikuwa mtu anayedai. Hayo ni mambo mawili. Mkimnunulia jiwe kwa zawadi, atalala pale kama maskini.”

Kisha aliinuka, akaenda kwenye koti la dada lililotundikwa mlangoni, akaitia bahasha mfukoni na kuufunga mfuko kwa kifungo chake. Akarudi akauliza nani anataka kahawa. Tukanywa kahawa. Aliwafungia wageni mkate wa mahindi wa kuondoka nao, kila mtu wake, na kwenye ngazi za nje alimshika dada yule mkono muda mrefu.

Niliwasindikiza, nikaingia nao garini, lakini dada hakuwasha injini.

“Sasa hizi pesa nitazipeleka wapi?” alisema. “Mchango haurudi. Nikimrudishia mtu mchango wa jiwe la kaburi, ataona kama namtakia msiba.”

“Nilisema nahitaji kutafakari.”

“Wacha hiyo. Hata ungetafakari, ungesema tuchange tu.”

Ilikuwa kweli. Kosa lile lisingeweza kufanywa na watu wengine wa mji ule. Majirani zake Bibi wasingewaza hata siku moja kununua jiwe la mama wa mtu mwingine. Ilihitaji watu waliolelewa na michango kudhani kwamba kila pengo ni la kuzibwa na walio karibu. Pesa zilikwenda kukaa Eagan, ndani ya pipa la mchele, na kwa muda hakuna aliyezitaja.

Mwezi wa kumi ulifika, na kazi ya kuziba madirisha. Katika nyumba kuukuu za Saint Paul watu hubandika karatasi angavu ya plastiki kuzunguka fremu kwa ndani, kisha huipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ijivute na kukazana kama ngozi ya ngoma. Mimi nilishika plastiki, Bibi akashika mashine, kwa kuwa hakuniamini nayo. Alidai kwamba ningefikiria mpaka nitoboe tundu. Tukiwa kwenye dirisha la sebuleni aliniuliza, bila kugeuka, kama baba yangu ana jiwe.

Nilisema anao msalaba wa saruji, na kwamba dada yangu aliniandikia namna mazishi yalivyokwenda. Nikaona kwamba sijamsimulia kamwe habari za mtani wetu, nikamsimulia.

“Kwetu kuna kitu kinaitwa utani,” nilisema. “Sisi Wangoni tulipigana na Wahehe zamani, tukauana sana. Vita vilipokwisha tukawa watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu ukacheka. Anaweza kuchukua kuku wako. Na ukifa, anakuja kwenye mazishi kufanya ambayo mtu mwingine akifanya atapigwa.”

“Kama nini?”

“Baba alipokuwa karibu kushushwa, Mhehe mmoja, fundi cherehani wa mtaa wetu, mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi, aliruka ndani ya kaburi akalala chali. Akasema udongo ni mzuri na hatoki. Akasema Mngoni huyu amekufa na deni la mbuzi wake, na hazikwi mtu mpaka mbuzi aonekane.”

Bibi alikuwa ameishusha mashine, lakini ilikuwa bado ikipuliza, sasa ikielekea soksi zangu.

“Wakamfanya nini?”

“Watu walicheka. Dada aliandika kwamba mama yangu mwenyewe, aliyekuwa hajanyanyua kichwa siku nzima, alicheka. Baba mdogo akampa sarafu, akaikataa. Akasema hiyo ni ya kununua mkia. Wakabembelezana pale. Mwisho akapewa pakiti ya sigara, akainuka, akajipangusa udongo, na yeye ndiye aliyeshika koleo la kwanza.”

“Na mbuzi?”

“Mbuzi gani?”

“Wake. Anayemdai baba yako.”

“Oh, anadai mpaka leo. Anamdai kaka yangu sasa. Wakikutana sokoni anamwuliza mbuzi wangu ameshazaa mara ngapi. Atawadai na wajukuu. Alichukua sigara ili mtu azikwe, Bibi. Kuinuka si kusamehe.”

Nililisema hilo bila kulipima, jambo ambalo kwangu ni nadra. Bibi alizima mashine. Kwa muda alikuwa akitazama nje kupitia plastiki ambayo bado ilikuwa imekunjamana, hivi kwamba mti wa jirani ulionekana kama uko ndani ya maji.

“Basi mtu anaweza kutoka shimoni,” alisema, “na mbuzi wake akabaki pale pale.”

“Ndivyo.”

“Sisi tulipigana na watu wengi. Na ninyi hatukupigana.”

“Hapana. Tusingefika.”

“Mna bahati.” Aliiwasha tena mashine. “Angalia kona hiyo. Upepo unaingia.”

Sikujua kama nimesema jambo jema au baya, na kwa siku zilizobaki za juma lile nililichambua kwa upande wa wema na kwa upande wa ubaya. Jumapili, dada yake alipopiga, nilimsikia Bibi akimsimulia. Katika masimulizi yake mbuzi alikuwa ameshakuwa ng’ombe, na yule fundi alikuwa ameingia kaburini na blanketi lake. Kicheko cha kuku kilisikika. Kisha upande ule ikaja sauti ndefu ya chini ambayo sikuyapata maneno yake. Bibi aliniashiria nisogee, akaugeuza mkono wa simu kati ya masikio yetu.

“Mwambie na yeye,” alimwambia dada yake.

“Profesa,” ilisema sauti ya dada mtu, nzito kuliko nilivyoidhania, “wale Waafrika bado wanazo zile pesa?”

“Zipo, Bibi. Ziko kwenye mchele.”

“Mama alisema serikali ndiyo itanunua jiwe. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Alisema itanunua. Hakusema ni haramu mtu kuikopesha.”

Bibi alinitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika umri kwa namna ile.

“Siyo zawadi,” dada mtu aliendelea. “Zawadi sitaki, na mdogo wangu hataki. Ninyi mnaikopesha serikali ya Marekani. Inanunua jiwe la mama. Siku ikitulipa sisi, inawalipa na ninyi. Isipolipa, mnaidai, kama sisi. Mtaweza kuidai? Ni kazi ya muda mrefu.”

Nilisema nadhani tutaweza. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, niliuliza kama mkopo huo utakuwa na riba, na kama ikiwa baadhi ya wachangiaji watakuwa wamerudi nyumbani haki zao zitarithiwa na nani.

“Mpe kahawa huyo,” ilisema simu.

Dada yetu wa Eagan alikuja jioni ile ile na bahasha, yenye vumbi la mchele. Alielezwa masharti akiwa bado na koti mwilini.

“Kwa hiyo mimi naidai serikali ya Marekani?” aliuliza. “Mimi? Hata makaratasi yangu ya kukaa hapa hawajanipa.”

“Panga foleni nyuma yangu,” alisema Bibi, na safari hii aliipokea bahasha kwa mikono miwili.

Jumatatu alipiga simu ofisini mwenyewe. Nilikuwa nikifunga buti mlangoni, nikamsikia akimwarifu yule mwanamke mwenye adabu kwamba aongeze kwenye jalada watu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania.  Kisha Bibi akaanza kumtajia herufi za Tanzania, moja moja, kwa subira kubwa.

Sitaki kutoa picha kwamba yaliyofuata yalikwenda moja kwa moja. Ndugu hao wawili walibishana majira yote ya baridi kuhusu maandishi. Bibi alitaka chini ya jina iandikwe kwamba mwenye kaburi anaidai serikali. Dada mtu alikataa katakata. “Ameishi nayo maisha yote,” alisema. “Sitaki ilale naye.” Walikubaliana jina, na mstari mmoja wa wimbo wa kanisani kwa herufi za Kicheroki, ambazo fundi wa mawe ilibidi achorewe na mchungaji. Mimi niliombwa ushauri na pande zote mbili, na ushauri wangu, uliokuwa na hoja nne, haukutumiwa na upande wowote. Wakati huo huo jicho la kushoto liliendelea kufunga. Jumapili zikawa na swali jipya, nalo sasa lilitoka Saint Paul kwenda Oklahoma.

“Unaona nini?”

“Naona mlango. Naona bakuli. Usiniulize rangi.”

Fundi alichelewa. Barafu ilimchelewesha, kisha mvua, kisha mgongo wake. Bibi alimpigia simu mara nyingi kiasi kwamba fundi alianza kumpigia yeye kwanza, ili amwahi. Nilikuwa nikiandika sura ya tasnifu kuhusu watu waliongoja malipo kandokando ya ofisi ya wakala wa serikali, wakilala nje na watoto wao mpaka chakula walichobeba kikaisha. Mwalimu wangu alikuwa amenirudishia rasimu ya kwanza akisema nimeieleza ofisi vizuri mno na waliongoja hawaonekani. Maneno hayo yaliniumiza kwa wiki nzima. Niliirudia sura ile nikiwa nimekaa jikoni badala ya maktaba, nikimsikia mtu akingoja. Sidhani kama niliwahi kuandika vizuri zaidi, na hata hivyo kila ukurasa niliona unahusu jicho moja.

Malipo ya mkataba hayakufika, si mwaka ule wala wakati wote niliokaa katika nyumba ile. Jiwe lilisimikwa mwezi wa tano, siku ya katikati ya juma. Mpwa wao alimchukua dada mtu kwa gari. Hakungoja Jumapili kupiga simu. Ilipolia mchana, Bibi alijua, akafuta mikono kwenye aproni mara nyingi kuliko ilivyohitajika kabla ya kuipokea. Aliniita kwa kidole. Tulisimama tukiwa tumeegemeza vichwa, simu katikati.

“Nimeliona,” ilisema sauti.

“Lote?”

“Nimeona umbo lote. Jina nimeona nusu ya mwanzo. Hiyo nyingine nimemalizia kwa kidole.”

“Wameandika sawa?”

“Sawa. Linang’aa mno. Linang’aa kama sinki.”

“Litafifia.”

“Na limeinama kidogo.”

“Upande gani?”

“Wa kanisa.”

“Nitampigia yule mtu,” alisema Bibi.

“Usimpigie. Mwache mgongo wake.”

 Simu za mbali wakati ule zilikuwa ghali, na wote wawili walikuwa wanawake wa kukata simu mara habari inapokwisha; lakini hakuna aliyekata. Nilisikia pumzi ya dada mtu, na nyuma yake ndege fulani wa Oklahoma nisiyemjua. Nilijiondoa taratibu, nikawaachia, nikaenda kugeuza mkate uliokuwa kwenye jiko kabla haujaungua upande mmoja.